Bahari Ile Ile, Fukwe Tofauti: Kinachoamua Pwani Iliwe au Ikue

Kila nyumba ya ufukweni inapoporomoka na picha zake kusambaa mitandaoni, maelezo huwa tayari kabla vumbi halijatulia. Mmoja atasema ni bahari inayopanda kwa sababu ya joto la dunia. Mwingine atasema bahari imekuja kudai eneo lake. Wa tatu atasema ni dhoruba ya juzi tu, mambo yatatulia. Wote wana chembe ya ukweli, ila hakuna anayejibu swali gumu zaidi: mbona kilomita chache kutoka hapo, kwenye bahari hiyo hiyo, iliyopigwa na dhoruba hiyo hiyo, ufuo uko vilevile? Na mbona kwingine ufuo unazidi kupanuka kuelekea majini?

Kupanuka huko si jambo la nadra. Watafiti waliopitia picha za setilaiti za fukwe za mchanga duniani, kuanzia mwaka 1984 hadi 2016, walikuta asilimia 24 zinarudi nyuma kwa zaidi ya nusu mita kwa mwaka, asilimia 28 zinakua, na asilimia 48 zimetulia. Ikiwa bahari peke yake ndiyo mhusika, matokeo yasingetofautiana hivyo. Jibu liko pale mambo matatu yanapokutana: nguvu ya maji, aina ya nchi kavu inayopigwa, na kiasi cha mchanga kinachoingia na kutoka. Hilo la tatu husahaulika kuliko yote, na kwa maoni yangu ndilo linaloeleza mengi zaidi.

Hapa nitabaki hasa kwenye nguvu za asili. Binadamu naye ana mchango wake, kwa mabwawa, kuta na uchimbaji wa mchanga, lakini madhara yake hayaeleweki vizuri kabla ya kujua pwani hufanya nini ikiachwa yenyewe.

Mambo matatu yanayochanganywa

Mmomonyoko wa pwani ni kuondolewa kwa mchanga, udongo au mwamba wa ukingo wa bahari, hata mpaka wa nchi kavu ukarudi nyuma. Mafuriko ya bahari ni maji kuingia nchi kavu kisha kuondoka. Ardhi inabaki pale pale, hata kama imeachwa na chumvi. Kupanda kwa usawa wa bahari ni kuongezeka kwa kimo cha wastani cha maji katika miaka mingi. Mambo haya hupenda kuongozana, na ndiyo maana habari huyachanganya, lakini kila moja linaweza kutokea bila mengine. Kuna pwani zinazomomonyoka kwa kasi ilhali usawa wa bahari hapo haujabadilika sana, na kuna zinazofurika kila mwaka bila kupoteza hata hatua moja ya ardhi.

Mmomonyoko wenyewe una kazi mbili ndani yake: kubomoa na kubeba. Hii ya pili tusiipuuze. Genge, yaani ukingo mrefu wa pwani uliosimama wima, likiporomoka, kifusi chake hulala miguuni pake na kuanza kulikinga dhidi ya mawimbi. Bahari ikishindwa kukiondoa kifusi hicho, genge hupumzika kwa miaka. Ikikifagia ndani ya wiki mbili, genge liko wazi tena na mzunguko unaanza upya. Pwani mbili zinaweza kubomolewa kwa nguvu sawa na bado zikatofautiana kabisa, kwa sababu tu moja husafishiwa kifusi na nyingine haisafishiwi.

Wimbi linatoka wapi na linafika na nini

Watu wengi hudhani wimbi ni maji yanayosafiri kutoka mbali hadi ufukweni. Katika bahari kuu sivyo. Kinachosafiri ni nguvu. Maji yenyewe hupanda, huzunguka na kurudi karibu na pale yalipokuwa. Nguvu hiyo imetoka kwenye upepo, na kiasi chake hutegemea kasi ya upepo, muda uliovuma, na umbali uliovuma juu ya maji bila kukutana na nchi kavu. Ndiyo sababu ghuba iliyozungukwa na ardhi haipati mawimbi makubwa hata upepo ukivuma kwa hasira, na pwani inayotazama bahari kuu inaweza kupigwa vibaya siku ambayo hakuna hata upepo wa kutikisa jani. Mawimbi ya siku hiyo yalizaliwa kwingine. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa bahari Walter Munk na wenzake waliyafuatilia mawimbi yaliyozaliwa na dhoruba za bahari ya kusini, upande wa Antaktika, wakayapima yakivuka Pasifiki nzima hadi Alaska.

Kimo cha wimbi hudanganya macho. Wimbi la mita mbili halina nguvu mara mbili ya lile la mita moja, bali mara nne. La mita nne lina mara kumi na sita. Ongeza kwamba mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito unaozidi tani moja, na utaelewa jinsi usiku mmoja wa dhoruba unavyoweza kufanya kazi ambayo mawimbi ya kawaida hayaifanyi kwa miezi.

Wimbi likikaribia nchi kavu, sehemu yake ya chini huanza kuburuza kwenye sakafu ya bahari. Hupungua mwendo, hupanda kimo, na huvunjika pale kina cha maji kinapokaribia kimo chake, kwa makadirio mara moja na theluthi hivi. Kwa hiyo umbo la sakafu ya bahari ndilo linaloamua nguvu itamalizikia wapi. Sakafu ikiteremka taratibu, au ikiwa na fungu la mchanga mbele ya ufuo, wimbi huvunjika mbali na kufika limechoka. Maji yakiwa na kina hadi karibu kabisa na ukingo, wimbi hufika na nguvu zake zote. Tunapotazama picha ya ufuo ulioliwa, nusu ya maelezo iko chini ya maji, mahali ambapo kamera haikupelekwa.

Sakafu hiyo hiyo hulipindisha wimbi. Sehemu ya wimbi inayofika kwenye kina kifupi hupunguza mwendo kabla ya sehemu nyingine, na wimbi zima likageuka kuelekea huko. Kwa kuwa mbele ya rasi maji huwa na kina kifupi kuliko mbele ya ghuba, nguvu hujikusanya kwenye rasi na kutawanyika ndani ya ghuba. Rasi hupigwa mbele na ubavuni, ghuba hupokea mchanga. Ubavuni mwa rasi bahari hupata ufa, huupanua ukawa pango, pango likatoboka upande wa pili likawa tao, na tao likianguka hubaki nguzo ya mwamba peke yake majini. Kisiwani Gozo, nchini Malta, tao maarufu lililoitwa Azure Window lilianguka tarehe 8 Machi 2017 wakati wa dhoruba. Katika jimbo la Victoria, Australia, sehemu ya tao lililoitwa London Bridge ilianguka Januari 1990 na kuwaacha watalii wawili upande wa baharini. Waliondolewa kwa helikopta. Magazeti huandika matukio haya kwa mshangao. Mwamba uliokwisha kutobolewa hadi kuwa tao uko katika hatua zake za mwisho, na kuanguka kwake hakuna muujiza wowote.

Maji huvunjaje jiwe? Kwa njia kadhaa zinazosaidiana. Wimbi linapopiga, hewa iliyomo ndani ya nyufa hubanwa ghafla, na wimbi likirudi hewa hiyo hutanuka kwa nguvu. Ufa hupanuka kidogo kila mara. Wimbi lililobeba kokoto na mchanga husaga mwamba kuliko maji matupu, na kwa sababu hiyo sehemu za chini za magenge huliwa kwanza na kuacha sehemu za juu zikining'inia. Chumvi huingia kwenye vitundu vya jiwe, maji yakikauka chumvi hiyo huganda na kulisukuma jiwe kutoka ndani. Mawe ya chokaa huyeyuka polepole, na wapo viumbe, wakiwemo aina fulani za kombe, wanaotoboa mwamba ili wakae humo.

Nchi kavu nayo ina la kusema

Ukitaka kuona uzito wa aina ya ardhi, tazama pwani ya mashariki ya Uingereza, upande wa Yorkshire. Kaskazini kuna rasi ya Flamborough, iliyojengwa kwa mwamba wa chaki. Kusini yake tu inaanza pwani ya Holderness, ambayo ni udongo wa mfinyanzi uliochanganyika na mawe, ulioachwa na barafu kuu mwishoni mwa zama za barafu zilizopita. Bahari ni moja, pepo ni zile zile. Chaki hurudi nyuma kwa sentimita, Holderness hurudi nyuma kwa wastani wa mita moja na nusu hadi mbili kwa mwaka, na tangu enzi za Warumi imepoteza vijiji zaidi ya ishirini. Na chaki si jiwe gumu. Ukiweka graniti mahali pake, mabadiliko yatakuwa ya milimita.

Lakini ugumu wa jiwe mkononi si sawa na uimara wa genge. Mwamba mgumu wenye nyufa nyingi unaweza kushindwa na mwamba laini usio na ufa, kwa sababu bahari haina haja ya kusaga jiwe zima, inatafuta mahali pa kuingilia. Mlalo wa matabaka nao ni muhimu. Yakiinama kuelekea baharini, vipande vyake huteleza vyenyewe. Yakiinama kuelekea bara, hujishikilia. Huko Dorset, kusini mwa Uingereza, tabaka gumu la mawe ya chokaa limelala sambamba na pwani na kuukinga udongo laini ulio nyuma yake. Mahali lilipotobolewa, bahari iliingia na kuchimba udongo ule kwa urahisi, ikaacha ghuba ya karibu mviringo yenye mlango mwembamba, iitwayo Lulworth Cove. Hatua chache kila upande ukuta ungali umesimama.

Hapa pana dhana moja ambayo ningependa ife: kwamba magenge huangushwa na mawimbi tu. Mengi huangushwa na mvua. Maji yakizama kwenye udongo wa mfinyanzi, uzito wake huongezeka na msuguano unaoushikilia hupungua, na siku moja mteremko mzima husogea. Juni 1993, mjini Scarborough, Uingereza, hoteli ya Holbeck Hall iliharibiwa na maporomoko ya takribani tani milioni moja za udongo, yaliyolirudisha genge nyuma kwa mita 70 ndani ya siku chache. Hakukuwa na wimbi la kutisha lililopiga. Kilichotangulia ni miezi miwili ya mvua nyingi kwenye mteremko uliokuwa na udhaifu wake. Kazi ya bahari katika mifano ya namna hii ni ya muda mrefu: huondoa kifusi miguuni pa mteremko na kuuacha ukiwa mkali. Mvua humalizia. Anayekagua genge kwa kutazama upande wa baharini peke yake, bila kuuliza maji ya ardhini yanapita wapi, amekagua nusu.

Kule Aktiki kuna ardhi ambayo ugumu wake ni wa kuazima. Ni udongo na barafu vilivyogandana mwaka mzima. Ukiganda unasimama imara, ukiyeyuka unakuwa tope. Ukingo wa pwani pale Drew Point, kaskazini mwa Alaska, ulirudi nyuma kwa wastani wa mita 17 kwa mwaka kati ya 2007 na 2016, zaidi ya mara mbili ya kasi ya miaka ya 1950 hadi 1970. Mawimbi ya maji yasiyo baridi sana huchimba shimo chini ya ukingo, kisha pande kubwa linapasuka na kuanguka zima zima. Barafu ya baharini ikichelewa kufunika maji, mawimbi hupata eneo kubwa la kujengea nguvu na miezi mingi zaidi ya kupiga.

Daftari la mchanga

Fukwe za mchanga zina kanuni yake. Ufuo wa mchanga ni daftari la mapato na matumizi: ukubwa wake leo ni tofauti kati ya mchanga ulioingia na uliotoka. Mapato yakizidi, unakua hata kama bahari ni kali. Matumizi yakizidi, unaliwa hata kama bahari ni tulivu. Ndiyo maana swali la kwanza kwenye ufuo unaopungua linapaswa kuwa: mchanga wake ulikuwa unatoka wapi, na nini kimeupata huko?

Mapato makubwa kwa pwani nyingi ni mito. Mengine hutoka kwenye magenge yanayobomoka, kwenye mafungu ya chini ya bahari, na kwenye miili ya viumbe. Fukwe nyingi nyeupe za nchi za joto ni vipande vya matumbawe, kombe na mwani wenye chokaa. Samaki aina ya kasuku hutafuna matumbawe kula kilichomo, na yule mkubwa hutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka. (Ndiyo, sehemu ya mchanga mweupe unaopigiwa picha za fungate imepita tumboni mwa samaki.)

Matumizi yako ya aina nyingi. Mchanga unaweza kuzama kwenye bonde la chini ya bahari usirudi tena, au kupeperushwa bara ukajenga matuta. Njia kubwa ya kuhama, hata hivyo, ni ufuo wenyewe. Mawimbi mara nyingi hufika kwa mshazari. Maji yanayopanda ufuoni hupanda kwa mshazari huo na kubeba chembe, yanaporudi huteremka moja kwa moja kufuata mteremko, na kila chembe hujikuta imesogea hatua moja upande mmoja. Rudia hilo kwa maelfu ya mawimbi kila siku, na kiasi kikubwa cha mchanga husafiri sambamba na pwani. Ufuo unaoonekana umetulia miaka yote huenda ni mchanga unaopita tu. Mwelekeo wa safari hutegemea upepo; magharibi mwa Bahari ya Hindi, kusi husukuma mchanga upande mmoja na kaskazi huurudisha sehemu yake.

Kwa hiyo hasara ya pwani moja huwa mapato ya nyingine. Kusini mwa Holderness kuna ulimi mrefu wa mchanga na kokoto uitwao Spurn, ambao umejengwa na kulishwa na yale yanayobomoka kaskazini yake. Ukizuia kila genge lisibomoke, ulimi huo utakosa chakula. Ila sehemu kubwa ya udongo wa Holderness ni vumbi laini la mfinyanzi linaloelea na kupotelea baharini. Mchanga unaobaki ufukweni ni kidogo mno kulikinga genge, na hii ni sababu mojawapo ya genge hilo kuliwa haraka namna ile.

Mto Nile unaonyesha daftari mapato yanapokatika. Kabla ya Bwawa Kuu la Aswan, lililokamilika mwaka 1970, mafuriko ya kila mwaka yalishusha matope na mchanga kwa zaidi ya tani milioni mia moja. Bwawa likavizuia. Ncha ya delta, yaani ardhi iliyojengwa na matope ya mto mdomoni pake, pale Rosetta nchini Misri, iliyokuwa tayari inarudi nyuma, ilifikia kasi ya karibu mita 100 kwa mwaka katika miongo miwili iliyofuata. Bahari ya Mediterania haikuwa imebadilika ghafla tabia.

Mfano ninaoupenda zaidi hauna mkono wa binadamu. Mto Amazon hutoa matope mengi mno, na sehemu yake husukumwa na mawimbi na mkondo wa bahari kuelekea kaskazini magharibi, kupita pwani za Guiana ya Kifaransa, Suriname na Guyana. Matope hayo husafiri yakiwa mafungu makubwa ya chini ya maji yanayosogea kilomita moja hadi kadhaa kwa mwaka. Fungu likiwa mbele ya pwani fulani, mawimbi hufa juu ya tope kabla ya kufika, mikoko huota, na nchi hupanuka kuelekea baharini. Fungu likishapita, mawimbi hurudi na nguvu zake, mikoko ile ile hung'olewa, na pwani hurudi nyuma kwa miaka mingi hadi fungu linalofuata lifike. Mtu anayetembelea mahali hapo katika awamu ya pili ataandika kwamba pwani inakufa. Aliyetangulia miaka ishirini angeandika kwamba inakua kwa kasi ya ajabu. Wote wawili wangekuwa wameona kweli.

Kuna na mzunguko mfupi zaidi. Msimu wa dhoruba, mawimbi ya kimo kikubwa yenye kufuatana kwa karibu huuvuta mchanga na kuuweka kwenye fungu lililo mbele kidogo ya ufuo. Msimu wa utulivu, mawimbi madogo huurudisha pole pole. Kwa hiyo mchanga ulioondoka baada ya dhoruba mara nyingi haujapotea. Uko mita mia kadhaa mbele, ukivunja mawimbi yanayofuata kabla hayajafika. Kinachoamua kama utarudi ni muda kati ya dhoruba moja na nyingine. Zikija mbili au tatu mfululizo, ya mwisho hukuta ufuo hauna akiba, na hiyo ndiyo inayofika kwenye misingi ya nyumba hata kama haikuwa kubwa kuliko zilizotangulia.

Maji kujaa na kupwa

Mtu angetegemea pwani zenye tofauti kubwa ya maji kujaa na kupwa ndizo ziliwe zaidi. Ghuba ya Fundy, Kanada, ina tofauti inayofikia mita 16, kubwa kuliko zote duniani. Lakini tofauti kubwa hutawanya mapigo ya mawimbi: kila kimo cha ukingo hupigwa kwa muda mfupi tu. Tofauti ikiwa ndogo, mawimbi hupiga mahali pamoja mchana na usiku.

Hatari iko kwenye kukutana. Katika dhoruba kanieneo ya hewa hushuka, na kila kipimo kimoja cha milibari kinachopungua huruhusu bahari kupanda kwa sentimita moja hivi. Upepo unaosukuma maji kuelekea nchi kavu huongeza zaidi, wakati mwingine mita kadhaa. Mwinuko huo ukikutana na maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai sana, mawimbi yataishia kwenye ufuo. Ukikutana na kilele cha bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa kuliko kawaida, yatapiga matuta na magenge ambayo kwa kawaida hayaguswi. Tarehe 5 Desemba 2013 maji ya Bahari ya Kaskazini yaliinuliwa namna hiyo wakati wa maji kujaa, na ulimi wa Spurn ukakatwa pamoja na barabara yake.

Walinzi walio hai

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliokusanya vipimo kutoka bahari mbalimbali, ulionyesha kwamba miamba ya matumbawe hupunguza nguvu ya mawimbi kwa wastani wa asilimia 97, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na kilele cha mwamba peke yake. Mikoko hupunguza mwendo wa maji na kutega tope kwenye mizizi, nyasi bahari hushika mchanga wa chini, na majani yanayotambaa juu ya matuta hushika ule wa juu. Tusiwape sifa wasizo nazo, ingawa. Mikoko inalinda vizuri mahali penye tope na mawimbi ya wastani. Kwenye ufuo unaotazama bahari kuu haioti, na ikipandwa huondoka na wimbi. Miti mikubwa juu ya genge la mfinyanzi inaweza hata kuongeza uzito mahali palipokwisha kulegea.

Ardhi inapanda na kushuka

Usawa wa bahari unaohesabika kwa pwani fulani ni ule ukilinganishwa na ardhi ya hapo. Kaskazini mwa Ghuba ya Bothnia, kati ya Sweden na Finland, ardhi bado inainuka kwa karibu milimita 9 kwa mwaka tangu ilipoondolewa uzito wa barafu kuu, na huko bandari hukauka badala ya kuzama. Novemba 2016 tetemeko la Kaikōura, New Zealand, liliinua sehemu za pwani kwa mita kadhaa kwa dakika chache. Upande mwingine, delta hushuka zenyewe kwa sababu matope hujibana kadiri yanavyozeeka. Jimbo la Louisiana, Marekani, lilipoteza takribani kilomita za mraba 4,800 za nchi kavu kati ya 1932 na 2016, na kudidimia kwa ardhi, pamoja na kukosa matope mapya ya mto Mississippi, ni sehemu kubwa ya sababu.

Juu ya haya yote, bahari ya dunia imepanda kwa wastani wa sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kati ya 2006 na 2018 kasi ilifikia milimita 3.7 kwa mwaka. Milimita hizo haziangushi nyumba kwa mkono wake. Zinachofanya ni kusogeza juu mahali ambapo kila wimbi, kila bamvua na kila dhoruba inaanzia, kwa hiyo pwani iliyokuwa inahitaji dhoruba kubwa ili iguswe sasa inaguswa na ya wastani. Kukana mchango huo ni kosa. Kuutaja peke yake kwa kila ufuo unaopungua ni kosa la pili, kwani mlipaji wa gharama anaweza kujenga ukuta kuzuia bahari ilhali tatizo lake ni mto usioleta tena mchanga.

Kasi ya wastani na picha mbili

Visiwa vyembamba vya mchanga hutuchanganya kwa namna ya pekee. Dhoruba hubeba mchanga wa upande wa baharini na kuumwaga upande wa pili, kisiwa kizima kikawa kinahama kuelekea bara bila lazima kupungua. Mnara wa taa wa Cape Hatteras, katika pwani ya North Carolina, ulianza kazi mwaka 1870 ukiwa takribani mita 450 kutoka majini. Mawimbi yalifika karibu na miguu yake, na mwaka 1999 mnara mzima ulisogezwa mita 880 hivi.

Namba zenyewe nazo zisomwe kwa uangalifu. Genge linalorudi nyuma "mita mbili kwa mwaka" halijikati mita mbili kila Januari. Linaweza kukaa miaka minane bila badiliko la maana, kisha likapoteza mita kumi na sita usiku mmoja. Aliyejenga katika miaka ile minane ataapa kwamba namba za wataalamu ni uongo.

Vivyo hivyo na picha za kabla na baada zinazozunguka mitandaoni. Iliyopigwa maji yakiwa yamekupwa, mwisho wa msimu wa utulivu, haiwezi kulinganishwa na iliyopigwa bamvua siku mbili baada ya dhoruba. Wanaopima pwani hurudi mahali pale pale kwa miaka, hupima wakati maji yako katika kimo kinachojulikana, na hupendelea alama isiyoyumba kila siku, kwa mfano mstari wa mwanzo wa majani ya matuta au ukingo wa juu wa genge. Kwa ufuo wa mchanga, vipimo vya mwaka mmoja huonyesha misimu tu. Kutenganisha misimu hiyo na mwelekeo wa kweli huhitaji miaka kumi au zaidi, na kwenye pwani za namna ya Suriname hata miaka hiyo kumi inaweza kuangukia yote ndani ya awamu moja ya fungu la matope.